Gari Lililoamka Mara Tatu

Taa za gari ziliwaka zenyewe, zikazimika, zikawaka tena. Kisha chini ya boneti kukasikika mlio mmoja mkavu, kama kifundo cha kidole kinapogonga ubao. Baada ya hapo hapakuwa na kitu kingine ila theluji iliyoendelea kudondoka juu ya yadi.

Cherono hakuwa amegusa chochote. Alikuwa amesimama kando, akivaa glavu, na sanduku lake la vifaa lilikuwa bado limefungwa miguuni pake.

"Umeona?" akauliza Murithi, mlinzi wa yadi, kwa sauti ya mtu aliyesubiri muda mrefu kupata shahidi. "Mimi nikiwaambia watu, wananijibu nipunguze chai ya rangi."

"Hufanya hivi lini?"

"Kila siku, dada. Mimi ni mtu wa Meru, mambo ya majini siyashiki sana. Lakini hili gari lina saa zake. Alfajiri, kabla hakujapambazuka. Halafu mchana, kama sasa. Halafu jioni. Na jioni si jua likizama tu. Ni baadaye kidogo, ule wekundu ukishaondoka. Mwenzangu wa zamu ya asubuhi hapiti tena upande huu. Anazunguka kule kwenye mabasi mabovu."

"Mara tatu."

"Mara tatu. Linaamka, linajaribu, linashindwa. Kama mgonjwa anayetaka kushuka kitandani."

Askari aliyetumwa kushuhudia ukaguzi aliinua kamera yake, akatazama kioo chake kidogo kana kwamba kingemweleza jambo, akaishusha. Alirudi nyuma, akasimama karibu na lango la yadi.

Gari lenyewe lilikuwa la kawaida mno kustahili hofu yoyote: sedani ya kijivu, nyuma imebonyezwa hadi kwenye viti, mbele karibu nzima. Mwenyewe alikuwa Haider, mzee mstaafu wa Vaughan, kaskazini mwa Toronto, aliyejitolea kuwabeba wazee wenzake kati ya nyumba zao na ukumbi wao wa ibada ulioko mtaa wa Bathurst. Majuma mawili yaliyopita alitoka peke yake asubuhi kwenda uwanja wa ndege kumpokea mgeni. Katikati ya barabara kuu ya 401 injini ilikwama ghafla. Lori lililokuwa nyuma yake halikuweza kusimama. Gari lilisukumwa hadi juu ya ukuta wa zege, sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, ikapasuka, na oili yote ikamwagika kwenye theluji iliyozolewa na katapila kabla ya mtu yeyote kufikiria kuipima.

Mtaalamu wa polisi alikuwa ameandika kwamba injini ilikufa kwa kukosa oili. Mtu wa mwisho kubadilisha oili ya gari hilo alikuwa fundi mmoja wa Etobicoke, Zachariah. Hitimisho lilijiandika lenyewe: fundi alimwaga oili ya zamani, akasahau kutia mpya. Siku ya Jumatatu angefunguliwa mashtaka ya uzembe uliosababisha kifo. Leo ilikuwa Jumamosi, na wakili wake, Melissa, alikuwa amepata kibali cha ukaguzi wa upande wa utetezi. Cherono ndiye aliyekabidhiwa kazi hiyo, kwa kuwa kabla ya kuwa mpelelezi alikuwa mkemia wa maabara huko Eldoret, na mawakili wa Toronto walimjua kama mwanamke anayeuliza vitu kabla ya kuuliza watu.

"Betri haikutolewa?" aliuliza.

"Polisi walisema kisiguswe kitu," Murithi akajibu. "Nami sikuhitaji kuambiwa mara mbili."

"Vizuri. Nikimaliza, usikate waya wowote. Funga boneti kama ilivyokuwa."

"Dada, kwa heshima zote. Unataka liendelee?"

"Nataka kujua nani analiamsha."

Murithi akaenda kuleta jeki, akinong'ona kitu cha Kimeru ambacho huenda kilikuwa sala.

Cherono alianza na filta. Oili inaweza kumwagika kutoka kwenye sampu, lakini iliyonywewa na karatasi ya filta hubaki. Aliifungua filta, akaikata kwa msumeno mwembamba, akaikunjua ile karatasi yenye mikunjo na kuikamua ndani ya kichupa cha kioo. Ilitoka oili nyeusi, nzito, ya kutosha. Injini isiyotiwa oili haiachi filta iliyojaa. Hilo la kwanza lilikuwa jema kwa Zachariah, ingawa mwendesha mashtaka angesema kwamba oili hiyo ni mabaki ya zamani.

Kisha akajilaza juu ya kipande cha mpira chini ya gari, akafungua beringi, yale mapande mawili ya metali laini yanayoikumbatia shafti kuu ili izunguke bila kugusa chuma kingine. Iliyokwama haikuwa na la kusema. Ilikuwa imeyeyuka na kupakaa kama siagi, na uso uliopakaa hauhifadhi habari. Mtaalamu wa polisi aliishia hapo. Cherono akafungua ya jirani yake.

Alikaa nayo muda mrefu chini ya mwanga wa tochi. Haikuwa imesuguliwa. Ilikuwa na vishimo vidogo vidogo, vyeusi pembezoni, vimesambaa uso mzima, kama uso wa mtu aliyepona ndui. Akafungua nyingine. Nayo vilevile.

"Ni nini?" akauliza Murithi, ambaye alikuwa ameinama bila kupenda.

"Injini iliyokosa oili husuguka," alisema Cherono. "Haitobolewi. Hii imetafunwa taratibu, kwa miezi, na kitu kilichokuwa ndani ya oili yenyewe."

Murithi alisimama wima, akafuta mikono kwenye koti ingawa hakuwa ameshika chochote.

*

Gereji ya Zachariah ilikuwa chini ya ghorofa ndefu za Etobicoke. Mlango haukuwa umefungwa. Cherono alibisha, hakujibiwa, akaingia.

Hapakuwa na mtu. Juu ya meza ndefu ya chuma palikuwa na injini tatu ndogo za mashine za kusukumia theluji, zimepakwa rangi: moja nyeupe, moja ya buluu, moja nyekundu. Zote zilikuwa zinafanya kazi, moshi wake ukipelekwa nje kwa mabomba. Nyeupe ilinguruma. Ya buluu ilinguruma kidogo. Nyekundu ilizunguka karibu bila sauti. Mkanda wake ulikimbia, bomba lake lilitetemeka, lakini sikio halikupata cha kushika, na kadiri Cherono alivyoikaribia ndivyo alivyoisikia kidogo zaidi, kana kwamba ilimeza hata kelele za wenzake.

"Hiyo hunitia baridi hata mimi," ilisema sauti nyuma yake.

Zachariah alikuwa mtu mpana, mpole, na macho yake yalionyesha kwamba hakuwa amelala vizuri. Alikuwa na ndoo ya chumvi ya theluji mkononi.

"Unaacha injini zikizunguka zenyewe, fundi?"

"Nilitoka mara moja kumwaga chumvi mlangoni. Jumatatu wanakuja kunichukua, dada Cherono. Leo nifanye nini zaidi ya kazi?"

"Nieleze kazi hii."

Akaeleza. Kanisani kwao, kila baada ya ibada, watu walimzunguka kwenye maegesho kwa swali moja: fundi, nitie dawa gani kwenye injini? Dawa za kupunguza msuguano zilikuwa nyingi, kila moja ikijisifu kuliko nyingine. Akaamua kulinganisha. Nyeupe ilitiwa ile yenye unga wa plastiki, jamaa ya inayopakwa kwenye vikaango visivyogandisha. Buluu ilitiwa ya molibdeni, ya kijivu kama risasi ya penseli. Nyekundu ilitiwa dawa mpya iliyoanza kuuzwa Vaughan, angavu kama asali. Chupa yake iliandikwa neno moja: *Kimya*.

"Na gari la Haider lilikuwa la nne?" aliuliza Cherono.

Ndoo ya chumvi ikatua sakafuni.

"Ndivyo polisi wanavyosema?"

"Bado. Watasema wakiiona meza hii. Nijibu."

"Sikumtilia kitu ila oili. Tena nilimwonya asitie dawa yoyote mpaka nimalize kulinganisha. Akanicheka. Akasema, 'Fundi, mimi hata chai siongezi sukari, nitaiongezea injini?'"

Cherono alitoa kwenye sanduku tochi ndogo ya gesi na waya wa shaba. Aliuchoma waya hadi mwali ukabaki safi, bila rangi. Akauchovya kwenye oili mpya ya aina aliyoitumia Zachariah, akaurudisha motoni. Mwali wa manjano, moshi, basi. Akausafisha, akauchovya kwenye dawa ya nyeupe. Basi. Dawa ya buluu. Basi. Kila mara aliusafisha upya na kusubiri.

Akauchovya kwenye *Kimya*.

Mwali uligeuka kijani. Hakikuwa kijani cha majani. Kilikuwa kijani kikali, kisichofanana na kitu chochote kinachoishi, na kwa kitambo kile uso wa Zachariah, zana ukutani, na injini nyekundu isiyo na sauti vilioneshwa vyote kwa nuru hiyo moja.

"Yesu wangu," alisema Zachariah.

"Klorini," alisema Cherono. Akausafisha waya, akafungua kichupa cha oili aliyoikamua kutoka kwenye filta ya Haider, akachovya, akachoma.

Kijani kilekile.

Kwa muda walizisikiliza injini mbili na kutoisikia ya tatu. Kisha Cherono akainyanyua chupa ya *Kimya* na kuitazama dhidi ya dirisha.

"Imepungua nusu. Injini ndogo kama hii hainywi nusu chupa. Iliyobaki ilikwenda wapi?"

"Nilimpa shemeji yangu, wa Lawrence Heights."

"Mpigie. Weka sauti nje. Usimwambie nipo."

Simu ililia, ikapokewa kwa kelele za watoto.

"Shemeji, ile dawa niliyokupa uliitia wapi?"

"Ile ya asali? Kwenye bawaba za mlango, bwana! Mlango ulikuwa unalia kama mbuzi. Sasa mtoto wangu anatoka nje bila sisi kujua. Umeniletea mwizi nyumbani! Unayo nyingine?"

Zachariah alikata simu. Cherono karibu atabasamu.

"Lakini sielewi," alisema fundi. "Juzi nilifungua hii nyekundu, baada ya kuiendesha kwa majuma. Beringi safi kuliko za wenzake. Nilikuwa karibu kuwaambia watu kanisani wainunue. Kama dawa hii inatafuna, mbona haikutafuna yangu?"

"Unaiendesha vipi?"

"Mfululizo. Ninaiwasha nikifika, ninaizima nikifunga."

"Ndani ya gereji yenye joto, mpaka injini inachemka vizuri. Haider alikuwa akisafiri umbali gani?"

Zachariah alijibu polepole.

"Nyumbani hadi ukumbini. Gari linawashwa mbele ya nyumba ili wazee wasikute viti vya baridi, linaunguruma pale, linakwenda barabara mbili, linazimwa. Baadaye tena hivyo hivyo. Halijawahi kupata joto kamili majira yote haya."

"Injini baridi hutoa jasho ndani. Ikichemka, jasho hukauka. Isipochemka, maji hubaki kwenye oili. Maji, klorini, na moto mdogo mdogo wa kila siku, unapata nini?"

"Asidi," alisema Zachariah.

"Umelinganisha dawa, fundi. Hukulinganisha safari. Siku alipoikanyaga kwa kasi ya barabara kuu, beringi zilikuwa zimebaki jina tu."

Zachariah aliinua mkono, akaizima injini nyekundu. Hakuna kilichobadilika masikioni mwao. Ilibidi watazame mkanda ili wajue kwamba imesimama.

"Basi nimepona?" aliuliza.

"Hapana. Nimeonyesha nini kilichomuua. Sijaonyesha nani alikitia. Na mtu mwenye chupa mezani ni wewe."

*

Duka la Amyn lilikuwa Vaughan, safi na lenye harufu ya limau, limefunguliwa Jumapili kwa ajili ya maonyesho. Amyn mwenyewe, mwenye suti nyepesi na sauti ya kubembeleza, alimkaribisha Cherono kwa mikono miwili.

"Karibu, dada, karibu sana. Umekuja peke yako? Basi onyesho lote ni lako."

Juu ya kaunta palikuwa na mashine: gurudumu dogo la chuma linalozungushwa na mota, kipande cha chuma kinachokandamizwa juu yake kwa wenzo, na saa yenye mshale wa kuonyesha ugumu wa kuzunguka. Amyn alidondosha oili ya kawaida, akaushusha wenzo. Chuma kikalia, mshale ukaruka, mota ikakwama. Akafuta, akadondosha dawa ya molibdeni. Mota ilivumilia kidogo, ikakwama. Akafuta, akadondosha *Kimya*. Akaulalia wenzo kwa uzito wa mwili wake wote. Gurudumu likazunguka bila manung'uniko.

"Unasikia?" akanong'ona.

"Sisikii kitu."

"Ndiyo maana ya jina!"

"Hongera. Naweza kujaribu ya kwangu?"

"Umekuja na dawa yako?"

"Ipo hapa kwako. Choo kiko wapi?"

Amyn, akicheka, alimwonyesha. Cherono alirudi na chupa kubwa nyeupe ya dawa ya kufulia nguo, ile ambayo nyumbani kila mtu huiita jiki. Alilifuta gurudumu kwa makini, akamimina matone machache, akaulalia wenzo.

Gurudumu lilizunguka bila manung'uniko.

Amyn aliacha kucheka.

"Ungemtilia mteja jiki kwenye injini?" aliuliza Cherono, bado ameukandamiza wenzo.

"Huo ni... huo ni mzaha."

"Mashine hii hupima jambo moja tu: chuma kikisagana na chuma kwa kitambo. Hapo klorini, hata ya jiki, hushinda kila kitu. Haipimi kesho yake. Ulijua mna klorini?"

"Mchanganyiko ni siri ya biashara."

"Gari lako unalitia *Kimya*?"

"Gari langu?" Amyn alitazama nje kupitia kioo. Waya mnene ulitoka ukutani, ukaingia ubavuni mwa gari jeupe. "Gari langu ni la umeme."

Cherono aliuachia wenzo. Akatoa picha ya Haider, akaiweka karibu na mashine.

"Huyu alinunua kwako?"

"Namjua. Mzee wa kubeba wazee. Mungu amrehemu." Sauti yake haikubembeleza tena. "Hakununua. Alikuja kwenye bazaa yetu ya kwanza, akatazama, akasema fundi wake amemkataza. Nikampa bure. Akakataa hata ya bure. Naapa, dada. Ukinipeleka popote nitasema hivyo hivyo."

"Alikuwa peke yake?"

Amyn alisita. Alianza kuifuta mashine ambayo ilikuwa tayari safi.

"Alikuwa na mkewe," alisema. "Mama mmoja mtaratibu, wa fimbo. Yeye aliuliza swali moja tu. Kama kweli haisikiki."

*

Cherono aliegesha mbali kidogo na nyumba ya Haider, akakaa ndani ya gari huku kioo kikifunikwa na theluji. Alirudia yale ya Murithi. Siku hizi gari huwashwa kwa simu, hata kutoka mji mwingine. Simu ya Haider haikupatikana kwenye ajali. Alikuwa ameisahau nyumbani, ripoti ilisema hivyo kwa sentensi moja. Na gari liliamka alfajiri, mchana, na jioni. Mtu wa kuswali mara tano kwa nyakati tano angeliamsha mara tano. Washia kama Haider huunganisha adhuhuri na alasiri, magharibi na isha. Safari za ukumbini ni tatu. Tena magharibi yao huingia baada ya wekundu wa mashariki kuondoka. Aliyeliamsha gari hakuwa jini, wala hakuwa mwizi. Alikuwa mtu aliyeshika nyakati.

Bi Tasleem alimfungulia mwenyewe, amevaa nguo za eda, mkono mmoja kwenye fimbo. Alimkalisha, akamletea chai ya iliki ambayo Cherono hakuiomba, akakataa kusaidiwa kubeba sinia. Kiswahili chake kilikuwa kile cha Tanga, kilichonyooka, kisichopotea kwa miaka mingi ya ughaibuni.

"Wewe ndiye wa fundi," alisema.

"Ndiyo, Bi Tasleem. Poleni sana kwa msiba."

"Tumeshapoa." Alikaa akiangalia dirisha. Halikuwa dirisha la machweo. Lilitazama mashariki, juu ya kipande cha maegesho ya nyumba chenye umbo la gari, ambacho hakikuzolewa theluji kwa unadhifu kama pande zake. Alama mbili za magurudumu zilikuwa zimezibwa nusu.

Simu mbili zilikuwa juu ya meza. Moja ilikuwa na kifuniko cha ngozi, kikubwa, cha kiume.

Nje, mbingu ya mashariki ilikuwa na ukanda mwekundu uliofifia. Bi Tasleem aliutazama hadi ukabaki mstari tu. Kisha mkono wake ukaenda kwenye simu yenye kifuniko cha ngozi.

"Uniwie radhi, mwanangu. Nina kazi ndogo, halafu niswali."

"Bi Tasleem," alisema Cherono kwa upole, "gari liko Etobicoke, kwenye yadi. Kila unapobonyeza, taa zake huwaka. Kuna mtu kule anaogopa."

Kidole kilisimama juu ya kioo.

"Linaitika?"

"Linajaribu."

Mama yule alifumba macho. Alipoyafumbua, hakuwa ameitua simu.

"Zamani mimi ndiye niliyelipasha joto," alisema. "Yeye anatawadha, mimi nabonyeza. Akitoka, viti vya moto tayari. Lilikuwa na kelele, lile gari. Jirani wa upande huu ana mtoto mchanga, alikuja kulalamika, tena kwa adabu. Haider akaanza kuamka mapema zaidi alisukume hadi barabarani, mzee mzima, kwenye barafu. Nilimwona siku moja kutoka hapa. Ameinama nyuma ya gari kama punda."

"Ndipo ukanunua."

"Yeye alishakataa. Fundi amesema hapana, na Haider akishampa mtu neno, basi. Nilirudi mwenyewe. Nilimpa yule bwana pesa, nikaficha chupa chini ya beseni la jikoni. Yeye akilala mchana, mimi natoka na fimbo yangu, namimina. Alidhani injini imepona kwa dua." Sauti yake ilitaka kucheka, ikashindwa. "Jirani alileta keki."

"Fundi Zachariah anashtakiwa kesho."

"Najua."

"Alilitia oili. Alimkataza dawa. Hakukosea popote."

"Najua, mwanangu. Nilijua tangu waliposema injini. Nilijiambia, nikinyamaza, labda itakuwa ni oili kweli. Labda ni yule fundi." Alimtazama Cherono kwa mara ya kwanza. "Ana watoto?"

"Wawili. Mmoja anatetea jina la baba yake shuleni kila siku."

Bi Tasleem aliinuka kitini taratibu, akaenda jikoni. Mlango wa kabati ulifunguka chini ya beseni. Alirudi na chupa angavu kama asali, imebaki kidole kimoja cha dawa, akaiweka mbele ya Cherono karibu na kikombe.

"Kesho asubuhi nitakwenda na wewe kwa huyo wakili. Mapema, kabla hawajamchukua. Nitasema kwa kinywa changu." Akaketi tena. "Nikuulize, mtu wa elimu. Yule bwana aliniambia haina madhara. Alijua?"

"Yeye mwenyewe anaendesha gari la umeme, lisilotumia oili," alisema Cherono. "Hilo nitalisema mimi."

Mama aliitikia kwa kichwa. Simu ilikuwa bado mkononi mwake, kioo kimewaka.

"Unajua kwa nini nabonyeza? Ukibonyeza, hapa panatokea maneno. *Gari linawashwa. Tafadhali subiri.* Linaniambia nisubiri. Kitambo kidogo tu, halafu linasema limeshindwa. Lakini kile kitambo..." Hakumaliza. "Kabla ya dawa ile, nilikuwa nikisikia akiondoka. Kila asubuhi. Nasikia mpaka kona, ndipo natandika mswala. Baadaye sikusikia tena. Nilinunua ukimya kwa mkono wangu. Siku ile ya uwanja wa ndege nilikaa hapa nikimngoja aondoke, na kumbe alikuwa ameshakwenda."

Mstari mwekundu ulikuwa umetoweka mashariki. Bi Tasleem aliitazama simu kwa muda, akaizima kabisa, akamkabidhi Cherono kwa mikono miwili, kama mtu anavyokabidhi kitu chenye uzito. Kisha akaenda kutandika mswala.

Cherono alikuwa ameketi garini, chupa na simu vimefungwa kwenye mifuko ya ushahidi, Murithi alipompigia.

"Dada, uko sawa?" Alikuwa akihema, na upepo wa yadi uliingia ndani ya maneno yake. "Nimesimama hapa mbele yake. Wekundu umeisha zamani. Halijawaka. Halijagonga. Umelifanyia nini?"

"Sijalifanyia kitu, mzee Murithi. Kata waya wa betri sasa."

Alimsikia akikanyaga theluji, akisimama, akikanyaga tena.

"Ni ajabu," alisema Murithi hatimaye, kwa sauti ya chini. "Nilidhani nitafurahi. Lakini likikaa kimya hivi, naona ndipo limekufa."

Cherono aliwasha gari lake. Lilikuwa la zamani, na lilinguruma vya kutosha kusikika hadi ndani ya nyumba ile. Aliliacha lingurume kidogo kabla ya kuondoka, kisha akaendesha polepole hadi kona.